Maganda ya nanasi na asidi ya sitriki: mbona dumu langu linatoa asidi kidogo hivi?

Mkamua-Nanasi, Kariobangi

Hamjambo nyote. Nina karakana ndogo ya kukamua juisi hapa Kariobangi, Nairobi, ukuta mmoja na mafundi wa jua kali, na kila siku ninabaki na kilo zipatazo 120 za maganda ya nanasi, ambayo ninamlipa mwenye mkokoteni ayachukue. Wakati huohuo ninanunua asidi ya sitriki, ile ambayo watu wa Pwani huiita ndimu ya unga, ili kurekebisha uchachu wa juisi, nayo huletwa katika magunia kutoka China. Niliposoma kwamba asidi hiyo siku hizi haitokani na ndimu bali hutolewa na kuvu inayolishwa sukari, niliona si sawa kuitoa sukari kwa mlango wa nyuma na kuinunua asidi kwa mlango wa mbele.

Nimejaribu mara tatu pamoja na binti wa kaka yangu, aliyesomea kazi ya maabara. Tuliyachemsha maganda, tukayakamua, tukachuja maji yake kwa chekecheke la waya kisha kwa kitambaa, na rifraktometa, kile kifaa cha kupima sukari, ikasoma 8, yaani kama gramu 8 za sukari katika kila gramu 100. Tuliyatia katika dumu lililokatwa juu, kina cha shubiri moja, tukapandikiza ule unga mweusi unaoonekana chini ya ganda la kitunguu kilichokaa sana, tukafunika kwa bafta. Siku ya tatu utando mweupe kama malai ulitanda juu. Siku ya tano ulikuwa umejikunja kama ngozi ya uji uliopoa. Siku ya saba ukawa mweusi kama masizi ya chungu. Kwa kuwa tulihofu kwamba uchachu ungeiua kuvu, tulikuwa tukiongeza magadi kidogo kila jioni ili pH, kile kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, isishuke chini ya 5.

Siku ya tisa tulipima. Mililita 10 za maji hayo zilihitaji mililita 9 za alkali ya sodiamu haidroksaidi ya molari 0.1 hadi rangi ya waridi ilipotulia, na kwa hesabu ya miligramu 6.4 za asidi ya sitriki kwa kila mililita ya alkali tukapata kama gramu 5.8 kwa lita. Kutoka katika sukari inayokaribia gramu 80 kwa lita! Hata hivyo tulipotia maziwa ya chokaa, yaani chokaa iliyokorogwa katika maji ili iinase asidi, tulipata mashapo meupe mengi kuliko hesabu hiyo inavyoruhusu. Je, mashapo hayo ni ya sitriki kweli? Kosa letu liko wapi? Na tukifaulu, ninaweza kuitumia asidi hiyo katika juisi ninayouza?

Fundi-Maabara, Juja

Dada, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: usiitie katika juisi, na tafadhali usiionje. Kwa jinsi ulivyoeleza, ninashuku kwamba sehemu kubwa ya mashapo yako si sitriki bali ni oksaleti, chumvi ya asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu kwa figo.

Sababu ni yale magadi ya kila jioni. Kuvu unayoitaka, Aspergillus niger, haiogopi uchachu hata kidogo. Uchachu ndio silaha yake dhidi ya vijidudu vingine. Pale pH inapokaa kwenye 5 au 6, kimeng'enya kimoja ndani yake huipasua asidi iliyokuwa njiani kuwa sitriki na kuigeuza kuwa oksaliki, na kimeng'enya kingine kilicho nje ya seli huigeuza glukosi moja kwa moja kuwa asidi ya glukoniki. Vyote viwili hulala pH inaposhuka chini ya 3. Kwa hiyo mbegu za kuvu zikishachipuka, iache pH ishuke hadi 2 na usiiguse. Ninyi mlikuwa mnailipa kuvu kila jioni ili ifanye kazi msiyoitaka.

Kuna jaribio mnaloweza kufanya leo bila kifaa chochote cha gharama. Chukueni mashapo kidogo yaliyooshwa kwa maji ya moto, myatie katika siki nyeupe nyingi, mkoroge na kusubiri. Kalisi sitreti, yaani chumvi ya sitriki na chokaa, itayeyuka; kalisi oksaleti itabaki chini kama unga. Glukoniki hamtaiona kabisa, kwa kuwa chumvi yake ya kalisi huyeyuka katika maji na kuondoka nayo. Kumbukeni pia kwamba magadi yalikwisha kula sehemu ya asidi kabla hamjapima, ndiyo maana hesabu ya alkali na wingi wa mashapo havikubaliani.

Swali la pili ni hili: je, mlipima asidi siku ya kwanza, kabla ya kupandikiza? Asidi kuu ya nanasi lenyewe ni hiyohiyo ya sitriki, na juisi yake huwa na gramu kadhaa kwa lita kabla kuvu yoyote haijaigusa. Pasipo kipimo cha siku ya kwanza, huenda mnaisifu kuvu kwa kazi iliyofanywa na mti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hulipuuza, nami nililipuuza kwa muhula mzima nilipokuwa mwanafunzi. Kuvu hii haitoi sitriki kwa sababu imeshiba vizuri. Huitoa pale inapopewa sukari nyingi mno na hewa tele huku ikinyimwa vitu vidogo inavyovihitaji ili ikue, na kikubwa kati ya hivyo ni manganizi. Katika uchachushaji wa majimaji, mikrogramu chache tu za manganizi kwa lita hutosha kupunguza asidi. Kuvu iliyonyimwa manganizi hujikunyata ikawa vitufe vidogo vyenye nyuzi fupi nene, na hapo ndipo sitriki humwagika. Ikiyapata, huota nyuzi ndefu, hujaza chombo, na sukari yote huishia katika mwili wake. Nanasi, dada yangu, ni miongoni mwa matunda yenye manganizi mengi sana: kilo moja ya nyama yake huwa na miligramu kadhaa, yaani maelfu ya mara ya kiwango hicho. Ongeza chuma kilichotoka katika chekecheke lenu la waya, na utaona kwamba ule utando mnene mliouona ulikuwa dalili ya kushindwa, ingawa unapendeza macho.

Ndiyo maana ningewashauri muache majimaji na mtumie maganda yenyewe yakiwa manyevu juu ya sinia, mtindo ambao Wajapani wanauita koji. Katika sinia kuvu haiathiriwi sana na metali, kwa sababu ambazo nadhani zinatokana na jinsi chakula kinavyoifikia polepole ndani ya makapi. Katakateni maganda vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, myakamue hadi unyevu uwe kama asilimia 70, kiasi kwamba ukiyafumbata yanashikana lakini maji hayachuruziki. Yatandazeni kwa kina cha sentimita 3 au 4 katika sinia za plastiki. Sufuria za alumini na mabati yenye kutu yakae mbali. Joto liwe kati ya nyuzi 28 na 30. Usiku wa Julai hapa kwetu hushuka hadi karibu 10, kwa hiyo mtahitaji kasha lenye balbu, lakini siku ya pili na ya tatu kuvu yenyewe huzalisha joto jingi, na mtalazimika kuyageuza maganda yasijipike. Vuneni siku ya nne au ya tano, kabla weusi haujatokea. Weusi ule ni mbegu. Kuvu iliyoanza kuzaa imeacha kazi ya asidi.

Mtasoma mahali pengi kwamba methanoli kidogo huongeza mazao pale palipo na metali, na ni kweli. Hata hivyo sikushauri uiweke methanoli katika karakana ya vinywaji, katika nchi ambayo imezika watu wengi waliokunywa pombe iliyochanganywa nayo.

Neno moja kuhusu kuua vijidudu. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Hata sufuria ya presha inayoongeza shinikizo la kilo moja kwa sentimita mraba, ambayo mwambao hufika nyuzi 120, hapa huishia kwenye 117 hivi. Ongezeni muda: badala ya dakika 15 wekeni 30. Na kile kitunguu mkiache. Unga mweusi wa kitunguu huwa na jamaa kadhaa wa Aspergillus wanaofanana kwa macho, na baadhi yao hutoa sumu. Ombeni mbegu safi ya aina inayojulikana kutoka katika maabara ya mikrobiolojia ya chuo kikuu, mkiwa na barua inayoeleza kazi mnayoifanya.

Muuguzi, Eastlands

Nimesoma kwa makini, na ninaomba niongeze jambo la afya. Mbegu za kuvu hii zikipeperuka humwamsha mwenye pumu, na katika mapafu yaliyobaki na mashimo baada ya kifua kikuu, kuvu za jamii ya Aspergillus huweza kuota humo na kufanya donge ambalo huleta makohozi ya damu. Katika mtaa wetu watu waliowahi kuugua kifua kikuu si wachache. Mvae barakoa za kuchuja vumbi, wala si vipande vya kitambaa, msifanyie kazi hii katika chumba kile cha juisi, na mtu mwenye historia ya mapafu asiwasaidie.

Kuhusu kuokota kuvu ovyo, tusisahau mwaka 2004, ambapo mahindi yaliyoota Aspergillus flavus yaliwafanya watu 317 waugue katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zao, na 125 wakafa. Ile ni ya rangi ya kijani na hii ni nyeusi, lakini katika sinia moja iliyoachwa wazi zinaweza kuota bega kwa bega. Sinia yoyote itakayoonyesha kijani itupwe yote, isichambuliwe.

Mstaafu wa Molasi, South B

Binti yangu, nimefanya kazi miaka mingi katika viwanda vinavyotumia molasi, na nimependa kwamba umeleta vipimo, kwa maana wengi huleta ndoto. Mwenzangu wa Juja amekueleza vizuri habari ya kuvu. Mimi nitasema juu ya upande ambao haupigwi picha, yaani jinsi asidi inavyotolewa katika ule uchafu wa kahawia ikawa fuwele nyeupe.

Njia ya chokaa unayoitumia ni ya zamani sana. Mwanakemia Carl Wilhelm Scheele aliitumia mwaka 1784 kuitoa asidi katika maji ya ndimu, na kwa miaka mingi dunia ilikuwa ikiitegemea Italia, iliyouza kalisi sitreti ya ndimu zake. Mwaka 1917 James Currie huko Marekani alichapisha kwamba Aspergillus niger hustawi katika sukari nyingi na uchachu mkali na kutoa sitriki kwa wingi, na miaka miwili baadaye Pfizer ikaanza kuizalisha hivyo kibiashara. Angalia basi: kilichobadilika ni chanzo cha asidi, lakini chokaa ilibaki palepale, na hadi leo viwanda vingi bado vinaitumia.

Sasa tupige hesabu yako. Tuseme kilo zako 120 za maganda zina maji matamu ya lita 40 kwa kipimo chako cha 8. Hiyo ni sukari isiyozidi kilo 3.2 kwa siku. Kwa nadharia, kilo moja ya glukosi huweza kutoa hata zaidi ya kilo moja ya asidi ya sitriki, kwa sababu oksijeni ya hewani huingia ndani yake, na viwanda vikubwa hufikia asilimia 70 na zaidi. Wewe tukupe nusu, yaani kilo 1.6. Ili kuinasa kilo moja ya asidi utahitaji gramu 578 za chokaa iliyozimwa, na ili kuiachilia tena kutoka katika chokaa utahitaji gramu 766 za asidi ya salfuriki, halafu utabaki na kilo 1.34 za jasi iliyolowa. Kwa kilo zako 1.6 hiyo ni chokaa gramu 925 hivi, salfuriki kilo 1.2, na zaidi ya kilo 2 za jasi kila siku, ambazo tena utamlipa mwenye mkokoteni azichukue. Baada ya hapo kuna mkaa wa kuondolea rangi, kuna kuvukiza maji, na kuna fuwele, ambazo chini ya nyuzi 36.5 hushika molekuli moja ya maji na juu yake huwa kavu, jambo linalobadilisha uzito unaouza. Na kuni, au umeme, ni wako.

Ninakusihi usiilete salfuriki kali katika karakana yenye watu wanaobeba matunda. Mimi nina kovu kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono kwa sababu mtu wa zamu alimimina maji ndani ya asidi, badala ya kuimimina asidi polepole ndani ya maji, katika kiwanda kilichokuwa na mabomba ya dharura na wasimamizi waliofunzwa. Wewe huna hata bomba la dharura.

Kwa kiwango chako, kusafisha hadi ufuwele hakulipi, na hata kama kungelipa, bidhaa ya chakula ingehitaji vipimo vya maabara na alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, kabla hujaiuza. Lakini si kila anayehitaji sitriki anaihitaji ikiwa nyeupe. Umesema ukuta wako mmoja ni wa mafundi wa jua kali. Asidi ya sitriki huyeyusha kutu, kwa kuwa huishika chuma iliyooza na kuiacha ile nzima kwa kiasi kikubwa. Maji ya kahawia kutoka katika sinia, yaliyochujwa na kuchemshwa ili mbegu zote zife, yanaweza kufanya kazi hiyo bila chokaa wala salfuriki. Anzia hapo.

Mkamua-Nanasi, Kariobangi

Ninawashukuru sana, mwalimu, muuguzi na mzee wangu. Tulilifanya jaribio la siki usiku uleule. Mashapo ya dumu yalitulia chini ya gilasi kama unga wa muhogo, na hata asubuhi zaidi ya nusu yalikuwa bado yako pale. Tumeyazika, dumu tumelimwagia dawa ya klorini kisha tukalichoma jua, na bafta zote tumezichemsha. Nilikosa usingizi kidogo nikikumbuka kwamba nilikuwa nimepanga kuyaonja.

Imechukua wiki nne kuandika tena kwa sababu mbegu safi ilituchukua wiki mbili kuipata. Safari hii tuliikodi stoo iliyo upande wa pili wa ua, tukatengeneza kasha la mbao lenye balbu mbili, tukatandaza maganda katika sinia sita. Siku ya kwanza tulipima asidi ya maganda yenyewe na kuiandika. Siku ya pili sinia mbili zilipata joto hadi 37 tulipochelewa kugeuza, na hizo hazikutoa kitu cha maana. Moja ilionyesha doa la kijani lenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, tukaitupa yote kama muuguzi alivyoagiza. Tatu zilizobaki zilikuwa nyeupe siku ya tano, zenye harufu kama ya uyoga mbichi. Tuliziloweka katika maji ya moto, tukakamua na kuchuja kwa nailoni. Baada ya kutoa kipimo cha siku ya kwanza tulipata wastani wa gramu 28 za asidi kwa kila kilo ya maganda manyevu. Kiasi kidogo tulichokitia chokaa kilitoa mashapo ambayo katika siki yaliyeyuka karibu yote. Ukungu mwembamba tu ulibaki chini.

Fundi-Maabara, Juja

Dada, gramu 28 si haba hata kidogo kwa sinia za kwanza. Zile zilizopata joto zinakuambia kwamba kina cha sentimita 3 ni kingi kwa kasha lenu. Jaribuni 2, na mgeuze kila baada ya saa sita katika siku hizo mbili za kati. Ule ukungu uliobaki katika siki ukilete hapa Juja tuupime vizuri, maana ningependa kujua kama ni oksaleti iliyosalia au ni uchafu wa chokaa. Chukua pia chupa ya maji yenyewe, iliyojaa hadi shingoni na kufungwa.

Mkamua-Nanasi, Kariobangi

Nitaleta vyote viwili Alhamisi. Mzee wangu, jana fundi jirani alinipa bawaba ya lango iliyooza kwa kutu hadi haifunguki. Tuliitumbukiza katika lita mbili za maji ya sinia, yaliyochemshwa katika sufuria ya enameli na kupoa, ndani ya ndoo ya plastiki. Usiku kucha vipovu vidogo vilikuwa vikipanda kutoka kwenye pini. Asubuhi maji yamegeuka rangi ya chai ya mkandaa, na chuma imetoka ya kijivu, alama za nyundo ya aliyeifua zikionekana moja moja. Ameisuuza, ameipaka mafuta, na sasa ameniuliza kama nitampa lita 20 kufikia Ijumaa.